Kovu linalobana figo, kovu linalobana kifua: Bi Nesi anajibu barua zenu

Toleo hili nafasi yote nimeiwachia barua tatu za ugonjwa mmoja, au niseme wa ukoo mmoja, ambao kwa miaka yangu yote ya kuvaa sare nimeuona kwa macho mara mbili tu. Sasa barua tatu kwa mpigo, mbili Unguja moja Pemba, nikasema hapana, hii haisubiri. Wale wa presha na wa vidonda vya tumbo mtanisamehe, nyinyi zamu yenu inakuja inshaallah.

Barua ya kwanza

Assalam alaykum Bi Nesi. Mie ni mtoto wa kwanza wa mzee wangu, ana miaka 56, tuko Micheweni. Mzee mwaka mzima alikuwa analalamika mgongo na ubavu, maumivu sio ya kukata, ni mazito yapo tu, alale hivi alale vile ni yale yale. Kachuliwa mgongo na mafuta ya karafuu, kaambiwa ngiri kanywa miti shamba, halafu miguu ikaanza kuvimba na korodani moja ikajaa ikasemwa busha hilo, halafu ikasemwa kichocho akapewa dawa. Yeye diklofenaki anazo mfukoni kama peremende maana ndo zinamtuliza. Mwezi wa tano akawa hana nguvu, anatapika, mkojo kidogo sana. Tukapiga ultrasaundi Chake wakasema figo zote mbili zimejaa maji, tukapanda boti Unguja, kisha Dar kwa CT skani, ndo tukaambiwa ana fibrosisi, yaani kovu, nyuma ya tumbo. Katiwa stenti mbili, vile vimirija vya kuacha njia ya mkojo wazi, na anakunywa prednisoloni vidonge vinane kila asubuhi. Wiki ya tano sasa, maumivu hana kabisa, anakula, anakwenda pwani. Anasema kapona, anataka kuacha vidonge maana jirani kamwambia dawa hizo zinaua figo na mifupa, na Ramadhani inakuja anataka kufunga. Bi Nesi hii ni saratani? Inaambukiza? Wengine nyumbani wanasema katupiwa kitu. Nisaidie. — Mtoto wa kwanza, Micheweni

Jibu

Waalaykum salaam mwanangu. Nakujibu kwanza lile la haraka halafu tutakaa tuongee. Mzee asiache vidonge. Asipunguze hata kimoja kwa kuamua mwenyewe, leo wala kesho wala mwezi mtukufu ukiingia, na nitakwambia kwa nini ili na wewe ukimwambia umwambie kwa hoja maana wazee wetu ukimwambia "daktari kasema" tu hakusikii.

Nyuma kabisa ya tumbo, baada ya utumbo wote, karibu na uti wa mgongo, kuna mshipa mkubwa wa damu unaitwa aota unashuka kutoka kwenye moyo. Ukifika kama usawa wa kitovu unagawanyika mara mbili, mmoja mguu huu mmoja mguu huu. Pembeni yake, kushoto na kulia, inapita mirija miwili myembamba inayoteremsha mkojo kutoka kwenye figo kwenda kwenye kibofu. Sasa kwenye ugonjwa huu mwili unaanza kujenga kovu kuuzunguka ule mshipa, kovu kweli kama lile la mkononi ukiungua, lakini hili linatambaa, linashuka na mshipa na linapanuka pembeni mpaka linaikuta ile mirija ya mkojo linaikumbatia na kuivuta katikati. Mrija wa mkojo ni laini, hauna ubishi, ukibanwa unabanika. Mkojo unakosa njia, unarudi nyuma, figo inajaa maji inavimba, na ikikaa hivo miezi inakufa taratibu bila ya kelele yoyote. Figo moja inaweza kwisha mtu hajui kwa sababu mwenzake anafanya kazi ya wawili, anakuja kujua siku ya pili nayo imebanwa, ndo kule kutapika na mkojo kidogo ulikokuona wewe.

Kwa hiyo angalia, mgongo sio ugonjwa. Mgongo ulikuwa unapiga hodi tu. Ugonjwa ni kile kinachobanwa, na ndo maana maumivu kuondoka hakukwambii kitu kuhusu kovu. Prednisoloni inatuliza maumivu ndani ya siku chache tu, mtu anaamka kijana, lakini kovu lenyewe linanywea kwa miezi, na wakati mwengine halimaliziki lote linabaki kama utando. Dozi ya mwanzo huwa kubwa, miligramu 40 mpaka 60 kwa siku kwa kama mwezi mmoja, halafu daktari anaiteremsha ngazi kwa ngazi na safari nzima mara nyingi inapita miezi sita, wengine zaidi ya mwaka. Mzee wako yuko wiki ya tano, ndo kwanza anaanza kuteremka ngazi. Akiruka sasa, kwanza kovu linaweza kurudi, maana ugonjwa huu una tabia ya kurudi hata kwa waliotibiwa vizuri. Pili kuna hatari nyengine ambayo watu hawaijui: mwili wenyewe hutengeneza dawa ya jamii hiyohiyo kila siku, ukimpa vidonge wiki nyingi unazoea kutotengeneza, ukikata ghafla mtu anabaki hana kitu, presha inashuka, anatapika, anazimia, anaweza kufa. Simtishi, nimeshuhudia mtu kaletwa spitali na teksi hajitambui, mkewe anasema kaacha vidonge kwa sababu alijiona mzima.

Haya, jirani yako sikubaliani nae kwa figo lakini kwa mifupa kasema kweli. Prednisoloni haiui figo, hapa ndo inaziokoa. Lakini inapandisha sukari na presha, inalegeza mifupa, inachoma tumbo ikinywewa bila chakula, na inashusha kinga. Kwa hiyo mpimeni sukari na presha mara kwa mara hata kituo cha afya cha hapo hapo, ale kabla ya kuzinywa, muulizeni daktari kuhusu kalsiamu na vitamini D, na chumvi ipungue, najua Micheweni kumwambia mtu aache ng'onda na papa mkavu ni mtihani lakini miezi hii apunguze. Na kuna jambo ambalo kwetu sisi watu wa ardhi ya joto ni muhimu mno: kuna mnyoo mdogo unaingia kwa nyayo ukitembea peku kwenye udongo, unakaa mwilini miaka bila ya kumsumbua mtu, halafu ukishampa mtu dozi kubwa ya steroidi, yaani dawa za jamii ya prednisoloni, unazaana unatapakaa mwili mzima na unaua. Unaitwa strongiloidi. Muulizeni daktari kama mzee alipewa dawa ya mnyoo huo, na kama alipimwa kifua kikuu, maana TB iliyolala nayo inaweza kuamka. Kama hakufanyiwa sio kwamba ndo muache dawa, mwendeni mukaulize wiki hii.

Diklofenaki ndo zinazoumiza figo, hizo ndo jirani angezisema. Tena zina ujanja mmoja, kwenye ugonjwa huu zinatuliza kweli, kwa hiyo mtu anazinywa mwaka mzima anajiona anapata nafuu kumbe huku figo imebanwa na huku inachomwa na dawa. Zitoe mfukoni kwake leo. Akiumwa kichwa apewe panado.

Sasa lile la Ramadhani. Mtu mwenye stenti kwenye mirija ya mkojo na figo zilizotoka kuvimba anatakiwa anywe maji mchana, na vidonge vyake ni vya asubuhi na chakula. Mgonjwa karuhusiwa, aya ya 184 ya Suratul Baqara inasema wazi alipe siku nyengine, na mzee anaijua kuliko mimi. Mukamuulize daktari wake na shekhe wenu pamoja, lakini msimamo wangu mimi nesi ni kwamba mwaka huu asifunge.

Saratani? Mara nyingi sio. Zaidi ya nusu ya wagonjwa hawakutwi na sababu ya nje, ni kinga ya mwili yenyewe imepotea njia. Lakini kuna saratani chache, hasa za mitoki, zinaweza kukaa palepale nyuma ya tumbo zikafanana na kovu hili kwenye picha, kwa hiyo siku daktari akitaka kukata kipande cha kupima musimkatalie mukasema anamchokoa mzee. Haiambukizi, kuleni nae sahani moja. Wengine inawapata kwa dawa, kulikuwa na dawa za kipandauso za jamii ya ergoti zilizojulikana sana kwa hili, wengine baada ya kupigwa mionzi ya saratani au upasuaji wa tumbo. Sigara imeonekana kuongeza hatari, na vumbi la asbesto pia. Kama mzee anavuta, hapo ndo pa kumkamata. Karafuu haimo, wala moshi wake.

Na kutupiwa. Mwanangu mie ni Muislamu naamini hasad ipo, mzee asomewe, sina ubishi na dua. Ila ugonjwa huu una jina na una miaka mingi kwenye vitabu: daktari wa njia ya mkojo Ufaransa, Albarran, aliuandika mwaka 1905, kisha Mmarekani anaitwa Ormond akaueleza vizuri 1948 ndo dunia ikaujua, wengine mpaka leo wanauita ugonjwa wa Ormond. Hao wazungu waliougua 1948 hawakutupiwa kitu na mtu wa Micheweni. Ni nadra tu. Kule Finland walipohesabu walipata wagonjwa kama 14 kwa kila watu milioni moja. Sensa yetu ya 2022 ilitukuta Zanzibar watu 1,889,773, sisemi na sisi tuko hivyohivyo, lakini ukipiga hesabu ile ile wangekuwa kama 26 visiwa vyote viwili. Sasa daktari wa kituo cha afya atauona lini? Unawapata zaidi wanaume kuliko wanawake, kama mara mbili au tatu, na zaidi miaka 40 mpaka 60. Mzee wako yuko katikati hapo.

Nataka niseme jambo kuhusu ile njia mliyopita, ngiri, busha, kichocho. Watu walikosea lakini hawakukosea kijinga. Kovu lile likibana mishipa ya damu na ya majimaji inayopanda kutoka miguuni, mguu unavimba na korodani inajaa maji, na sisi huku tumezaliwa tunaona matende na mabusha, lazima utawaza hivo. Na kichocho kinajaza figo maji kweli, mayai ya mdudu yanatia makovu kibofu na sehemu za chini za mrija, na Pemba kichocho tunacho. Tofauti ni kwamba kichocho kinaharibu kwa ndani na mara nyingi mtu anaona damu kwenye mkojo, hiki kinabana kwa nje na mkojo unaweza kuwa safi kabisa. Ndo maana ninachoomba mie sio kwamba kila mwenye mgongo apigwe CT skani, haiwezekani. Ninachoomba ni ultrasaundi ya figo kwa mtu mzima mwenye maumivu mazito ya mgongo au ubavu ambayo hayabadiliki akilala wala akigeuka, yanamaliza miezi, na pamoja nayo kuna kukonda au homa za juu juu au mguu kuvimba au presha iliyopanda ghafla. Ultrasaundi haitaonesha kovu vizuri lakini itaonesha figo iliyojaa, na hiyo inatosha kumtoa mtu kwenye kuchuliwa. Na damu, kriatinini inayoonesha figo zinafanya kazi vipi na ESR inayoonesha kama mwili una uvimbe wa ndani, mara nyingi ESR inakuwa juu.

Mwenyewe nina deni hapa. Miaka ya nyuma katika spitali niliyokuwa nafanya kazi alikuwa anakuja baba mmoja kila wiki mbili kwa mgongo, mpole, anakaa kwenye benchi mpaka zamu yake, na mie ndo niliyekuwa namchoma sindano ya diklofenaki na kumwambia punguza kubeba mizigo. Alipokuja kupigwa picha figo moja ilikuwa imeshanywea. Hakunilaumu. Nilipoisoma barua yako nilimkumbuka hata kabla sijafika mwisho.

Barua ya pili

Bi Nesi shikamoo. Wifi yangu ana miaka 33, yuko Jang'ombe. Miezi minane anakohoa, pumzi inakata akipanda ngazi, na asubuhi akiamka uso na macho yamevimba, shingoni na kifuani mishipa imetoka kama kamba. Anasema akisujudu kichwa kinajaa kama kitapasuka kwa hiyo sasa anasali kwa kukaa. Alidhaniwa ana figo, kisha moyo, sasa picha imeonesha kuna kovu katikati ya kifua, wakasema fibrosisi ya mediastino. Tumesoma huko ni ugonjwa mmoja na ule wa tumboni, je utamshuka? Na wametaka kumpima TB, mume wake kakataa anaona ni aibu. — Wifi mwenye wasiwasi

Jibu

Marahaba mwanangu. Hilo la sujudu umeliandika vizuri kuliko daktari, maana ndo lenyewe. Katikati ya mapafu mawili kuna uwanja mdogo, ndo hiyo mediastino, humo unapita mshipa mkubwa unaorudisha damu kutoka kichwani na mikononi, umo umio la chakula, bomba la pumzi, mishipa ya kwenda mapafuni. Kovu likijijenga humo linaanza kukaba vilivyo laini, na mshipa wa damu ya kichwani ni laini, damu inakwama juu, uso unavimba asubuhi kwa sababu usiku kucha kalala, na akiinama inazidi. Alale na mito miwili mitatu, na asijione na dhambi kwa kusali kitini. Ile mishipa iliyotoka kifuani ni damu inajitafutia njia za vichochoro, kwa hiyo usiogope ukiiona, mwili unajisaidia.

Ugonjwa mmoja? Wakati mwengine ndio, wakati mwengine sio. Kuna watu mwili wao unatengeneza makovu sehemu nyingi, nyuma ya tumbo, kifuani, kwenye kongosho, kwenye tezi za mate, na tangu miaka ya 2000 madaktari wa Japani walipoona kwamba wengi wao wana protini fulani ya kinga, IgG4, iko juu, wameanza kuyaweka pamoja kama ugonjwa mmoja wa kinga. Aina hiyo ikishika kifua inasikia prednisoloni vizuri. Lakini kovu la kifuani mara nyingi lina sababu nyengine kabisa, ni mabaki ya vita vya zamani dhidi ya maambukizi kwenye mitoki. Marekani, mabonde ya mto Ohio na Mississippi, sababu kubwa ni kuvu wa kwenye udongo wenye mavi ya ndege na popo, histoplazima. Kwetu sisi cha kwanza kufikiria ni TB. Kovu lililoachwa na maambukizi haliyeyuki kwa vidonge kirahisi, hapo wanafikiria kupanua mshipa uliobanwa na kuuwekea stenti, kazi ambayo inafanywa na wataalamu wa moyo na mishipa.

Unaona sasa kwa nini kipimo cha TB sio cha kukataa? Ikiwa ni TB na hai bado, ana watoto ndani ya nyumba, na ukimpa steroidi peke yake bila dawa za TB unamwagia petroli. Dawa za TB Tanzania ni bure, kwa kawaida miezi sita. Mwambie shemeji yako, na mwambie kwa upole maana anaogopa, kovu lenyewe haliambukizi na TB haina aibu, aibu ni kumuachia mke anakosa pumzi ili majirani wasijue. Kama hataki kukusikia mchukue mzee mmoja wa ukoo muende pamoja.

Akikohoa damu, au akikosa pumzi amekaa tu, au sauti ikawa inapiga filimbi akivuta pumzi, au akawa anachanganyikiwa, hapo hakuna kusubiri kliniki ya Jumatatu, ni spitali saa hiyo hiyo hata usiku wa manane.

Kuhusu kushuka tumboni, waombe waangalie figo kwa ultrasaundi na wapime kriatinini. Ni kipimo rahisi na utalala.

Barua ya tatu

Bi Nesi, nina ugonjwa huo wa kovu nyuma ya tumbo, nilitiwa stenti ya figo ya kulia Dar. Sasa ni miezi kumi na moja. Sina maumivu ila mkojo umekuwa mwekundu nikitembea sana. Niliambiwa nirudi lakini nauli na mambo ya shamba. Inaweza kukaa mpaka lini? — Mkulima, Donge

Jibu

Ndugu yangu, imeshapitiliza. Stenti hizi za kawaida ni mrija wa plastiki uliojikunja ncha zote mbili, ncha moja ndani ya figo moja ndani ya kibofu, na hubadilishwa kila miezi mitatu mpaka sita kwa wengi. Ikikaa zaidi mkojo unaijengea mawe juu yake kama vile birika linavyojenga ukoko, inaziba, inaleta vijidudu, na mwisho haitoki kwa kuvutwa, inataka upasuaji. Mkojo mwekundu unaweza kuwa msuguano wa stenti tu, lakini kwa miezi kumi na moja sikuwachii na "inaweza".

Usingoje ukapata nauli ya Dar. Toka Donge kesho asubuhi uende spitali kubwa ya mjini, uchukue ile karatasi ya kuruhusiwa yenye tarehe ya stenti, hata kama imechanika, useme hivi: nina stenti ya figo ya miezi kumi na moja na nakojoa damu. Waombe eksirei ya tumbo kuona kama imejenga mawe, ultrasaundi, kriatinini na mkojo. Ukipata homa na baridi za kutetemeka usiku wa leo usingoje hata hiyo asubuhi. Na ikishabadilishwa, tarehe ya nyengine iandike kwa wino ukutani karibu na mlango, na umwambie mkeo na mtoto mkubwa, wao watakukumbusha siku wewe uko shamba.

Niandikie ukirudi.